Nidhamu ya Nani? Kusoma Upya Hotuba ya Siku ya Michezo

Kuna hotuba moja ambayo karibu kila mtu aliyesoma Kenya ameisikia akiwa amesimama juani. Hutolewa siku ya michezo, kwa kawaida na mgeni wa heshima aliyechelewa. Huanza kwa methali, mara nyingi ile ya mtaka cha mvunguni. Kisha inasema akili timamu hukaa kwenye mwili wenye afya. Kisha inamtaja mwanariadha mmoja aliyetoka mashinani bila viatu, na sasa ana nyumba na gari. Halafu inageuka ghafla na kuwa onyo: msipokuwa na nidhamu, mtarudi nyumbani kuchuma majani chai. Makofi. Soda kwa wageni. Wanafunzi wanabaki kurudisha viti na mabenchi.

Ukiwa upande wa Gusii, hotuba hii ina toleo lake. Lazima jina la Yobes Ondieki liingie, na mzungumzaji akiwa mzee kidogo ataongeza Naftali Temu. Pale Kenyenya kuna chuo cha walimu. Maana yake ni kwamba hotuba haiishii uwanjani: mwanachuo anayeisikiliza leo ndiye atakayeitoa kesho mbele ya watoto wa gredi ya nne, kwa methali ileile na onyo lilelile. Hakuna kitabu kilichoiandika, lakini watu wanaijua kwa kichwa. Hiyo ndiyo sifa ya fasihi simulizi. Basi tuisome kama fasihi. Ina fani, ina maudhui, ina wahusika, na kama maandishi yoyote yale, ina mambo inayoyaficha.

Ploti yake ni rahisi. Mtoto maskini, taabu, nidhamu, medali, nyumba ya mawe. Wahusika ni watatu: mtoto asiyesema kitu, mwalimu au kocha anayejua kila kitu, na Ng'ambo, ambayo ni kama mhusika kwa sababu ndiyo inayotoa zawadi mwishoni. Hotuba hii ina pacha wake wa maandishi, nao ni insha ya "umuhimu wa nidhamu na michezo" tuliyoiandika darasani, hoja sita, utangulizi na hitimisho, alama ishirini. Ukiziweka pamoja utaona zinafanya kazi moja. Zinamchukua mkimbiaji, zinamtoa utumbo, halafu zinamjaza majani ya maadili.

Hoja yangu ni fupi. Hotuba hii inachanganya vitu viwili, nidhamu na utii. Riadha inafundisha cha kwanza. Hotuba inataka cha pili. Na mchanganyiko huo umewagharimu watu, sio tu maneno.

Tuanze na neno lenyewe. Nidhamu imetoka Kiarabu, na huko mzizi wake unahusu mpangilio, kupanga vitu kwa utaratibu kama shanga kwenye uzi. Mzizi huohuo ndio unaotumika kwa kazi ya kupanga beti za ushairi. Kiswahili nacho kinaliona jambo hili vivyo hivyo: tunatunga shanga, tunatunga shairi, kitenzi kimoja. Kwa hivyo ndani ya neno nidhamu kuna fundi anayejua kwa nini shanga hii inafuata ile. Utii ni habari nyingine. Utii unahitaji mtu wa pili, lazima awepo wa kutiiwa. Nidhamu unaweza kuwa nayo peke yako saa kumi na moja alfajiri, kwenye barabara ya kutoka Kenyenya kwenda Ogembo, umande bado uko kwenye majani chai, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna kengele, na hakuna atakayejua ukirudi kulala.

*

Sasa tuwatazame watu ambao hotuba inawataja bila kuwatazama.

Kabla dunia haijajifunza kutamka Iten, jina kubwa la mbio za Kenya lilikuwa la Mkisii. Nyantika Maiyoro alikimbia London mwaka wa 1954, enzi za ukoloni, watu wakamshangaa. Kenya ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Melbourne 1956, alimaliza wa saba katika mita 5,000. Roma 1960 akawa wa sita. Kisha akaja Temu, mwanajeshi, ambaye tarehe 13 Oktoba 1968 kule Mexico City alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Siku chache baadaye akaongeza shaba ya mita 5,000. Munich 1972, timu ya Kenya ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne ilitwaa dhahabu, na kati ya wanne hao, watatu walikuwa Wakisii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang. Ondieki naye akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 Tokyo 1991, na tarehe 10 Julai 1993 kule Oslo akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kwa muda wa 26:58.38. Rekodi aliyoivunja ilikuwa na umri wa siku tano tu.

Hotuba inawachukua watu hawa wote na kuwafanya mtu mmoja, "mwana wetu aliyefanya bidii". Lakini angalia tofauti zao. Maiyoro alikimbia akiwa raia wa koloni. Temu alikimbia akiwa askari. Ouko na Sang walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham, Marekani, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, chini ya kocha LeRoy Walker. Ondieki alipitia chuo kikuu cha Iowa State. Kwa hivyo ukitaka kuzungumza juu ya riadha na maisha ya chuo, na kwa kweli hicho ndicho hotuba inadai kuzungumzia, simama Munich kwanza. Pale pana hadithi ambayo sijawahi kusikia mgeni wa heshima akiisimulia.

Sikiliza. Katika fainali ya mita 400, Mmarekani Vince Matthews alikuwa wa kwanza, Mmarekani mwenzake Wayne Collett wa pili, na Julius Sang wetu wa tatu. Wimbo wa taifa la Marekani ulipopigwa, Matthews na Collett, wote weusi, hawakusimama wima kama askari. Waliongea. Walisimama kilegevu. Hawakuitazama bendera. Watazamaji wakawazomea. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikawafungia maisha wasishiriki tena Olimpiki, kwa kosa ambalo ukilitafsiri kwa lugha ya paredi ya Jumatatu ni moja tu: utovu wa nidhamu.

Marekani pia ilikuwa na mkimbiaji majeruhi, na kwa marufuku ile haikubaki na watu wa kutosha. Haikuweka timu kwenye mbio za kupokezana vijiti. Kenya ikashinda, Uingereza ikafuata, Ufaransa ya tatu. Sang, aliyekuwa amesimama kwenye jukwaa lilelile na wale wawili, ndiye aliyekimbia mzunguko wa mwisho.

Sisemi dhahabu ile ni ya bure. Waliokimbia ndio walioshinda, na Sang alikimbia mzunguko wa ajabu siku hiyo. Ninachosema ni kwamba ile medali tunayoitumia kuwahubiria vijana nidhamu iko kwenye hadithi moja na watu walioadhibiwa kwa kukosa "nidhamu". Na chuo cha Matthews, Johnson C. Smith, kiko jimbo lilelile la North Carolina alikosoma Ouko. Hawa walikuwa watu wa dunia moja. Nani kati yao hakuwa na nidhamu? Mtu hakimbii mita 400 kwa sekunde 44.66, kama Matthews siku ile, kwa uvivu. Mwili wake ulikuwa umepangwa shanga kwa shanga kwa miaka. Alichokataa ni kusimama vile wakubwa walivyotaka asimame.

Rudi nyuma miaka minne, Mexico, na utaona ni mtindo. Siku tatu tu baada ya Temu kushinda, Tommie Smith na John Carlos, wanafunzi wa chuo cha San Jose State, walipanda jukwaani bila viatu, wakainamisha vichwa, wakainua ngumi zenye glavu nyeusi. Walitimuliwa kikosini. Leo chuo chao kina sanamu yao. Muda ukipita, taasisi hugundua kwamba ile ilikuwa nidhamu pia, tena ya kiwango cha juu kuliko ya kusimama wima.

*

Tulitoa wapi tabia ya kuona michezo kama dawa ya ukaidi? Jibu si siri. John Bale na Joe Sang, katika kitabu chao Kenyan Running cha 1996, wanaonyesha jinsi riadha ya kisasa ilivyojengwa hapa kupitia serikali ya kikoloni, shule, misheni, jeshi na polisi. Mbio zilikuwepo kabla yao, bila shaka. Watu walikimbia wakiwa na sababu zao. Kilichokuja na ukoloni ni saa ya kupima, mstari wa chokaa, na wazo kwamba kijana aliyechoka hana nguvu ya kuuliza maswali. Hotuba ya siku ya michezo ni mjukuu wa wazo hilo. Imebadilisha koti tu.

Andiko ambalo lilinisaidia kuliona jambo hili halikuandikwa Kenya wala halina Mkenya ndani yake. Ni hadithi ya Mwingereza Alan Sillitoe, The Loneliness of the Long-Distance Runner, ya mwaka wa 1959. Msimulizi ni Smith, kijana wa familia ya wafanyakazi aliyeiba pesa kwenye duka la mikate na kupelekwa kwenye jela ya kurekebisha vijana. Mkuu wa jela anagundua anajua kukimbia. Anamruhusu atoke alfajiri, peke yake, afanye mazoezi, kwa sababu anataka kombe. Anamwambia awe mwaminifu, naye atatendewa kwa uaminifu. Siku ya mashindano Smith anaongoza, amewaacha wenzake mbali, halafu karibu na utepe anasimama. Anangoja. Anamwachia mwingine ashinde, mkuu akiwa anatazama.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni hadithi ya kiburi. Watu wengi huisoma hivyo, na mwalimu wa nidhamu yeyote atakwambia kijana huyu alijiharibia. Lakini angalia kilichoandikwa kati ya mwanzo na mwisho. Smith hachukii kukimbia. Anakupenda. Zile asubuhi za baridi ndizo saa pekee maishani mwake ambazo anafikiri hadi mwisho wa wazo. Anapanga pumzi, anapanga hatua, anajua mwili wake kuliko mtu yeyote anavyoujua. Anapoacha kushinda, anahitaji nidhamu kubwa kuliko ya kushinda, maana miguu inataka kwenda na yeye anaizuia. Sillitoe ametenganisha vile vitu viwili kwa kisu: mkimbiaji ana nidhamu kamili na utii sifuri. Na analipia. Miezi iliyobaki kifungoni anapewa kazi ngumu na chafu. Hadithi haijifanyi kwamba uhuru ni wa bure.

Sasa jiulize kwa nini sisi, nchi ya wakimbiaji, hatuna hadithi yetu ya namna hii kwenye Kiswahili cha shuleni. Vitabu vya kutahiniwa ambavyo kizazi changu kilibeba, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri, tamthilia ya Kigogo, vina viongozi dhalimu, mayatima, wakimbizi, wanaharakati. Havina mwanariadha anayebeba hadithi mgongoni. Tuna rekodi za dunia, lakini hatujaandika anachofikiri mtu kwenye kilomita ya saba. Pengo hilo ndilo hotuba inalijaza. Mkimbiaji wetu hana sauti ya ndani, kwa hivyo mgeni wa heshima anamwazima yake.

*

Kuna mtu ambaye hotuba haiwezi kumbeba hata ikijaribu. Henry Rono, Mnandi, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State. Mwaka wa 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Ukitaka mfano wa mwanachuo mwenye nidhamu ya riadha, dunia nzima haina wa kumzidi. Lakini hakukimbia Olimpiki hata mara moja. Mwaka wa 1976 Kenya ilisusia Montreal, mwaka wa 1980 ikasusia Moscow. Alifanya yake yote, na uamuzi ulikuwa mikononi mwa wengine. Baadaye pombe ikamshika, pesa zikaisha, akafanya vibarua Marekani. Aliyasimulia mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake, Olympic Dream, na aliishi kurudi nyumbani kabla ya kufariki Februari 2024.

Kwa hesabu ya hotuba, Rono hawezekani. Nidhamu ndiyo inayozaa mafanikio, na aliyeanguka hakuwa na nidhamu. Basi zile siku 81 zilikuwa nini? Hapo ndipo hoja ya hotuba inavunjika mguu. Nidhamu inakufikisha kwenye mstari wa kuanzia ukiwa tayari. Haikuhakikishii kwamba mbio zitakuwepo. Na chuo kilichokuleta kwa ajili ya miguu yako kinaweza kukutunza miguu na kusahau kwamba kuna mtu juu yake.

Na kuna wale ambao hotuba haiwataji kabisa. Soma tena orodha yangu ya Gusii hapo juu. Wote ni wanaume. Kenya ilisubiri hadi Atlanta 1996 kupata medali ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke, fedha ya Pauline Konga. Wasichana walipoingia, waliambiwa wawe na nidhamu, na kwao neno hilo lilimaanisha utii mara mbili: kwa kocha na kwa mume, na mara nyingine hao wawili walikuwa mtu mmoja. Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee Septemba 2021. Mwezi mmoja baadaye aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, na mumewe akashtakiwa. Wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels kusaidia wanawake wanaodhulumiwa. Msichana anayejua kuamka saa kumi na moja bila kusukumwa tayari ana nidhamu. Anachohitaji kuambiwa siku ya michezo ni kwamba ana haki ya kukataa. Hilo halimo kwenye methali ya mvunguni.

*

Hapa niseme nasimama wapi, ndio usinisome kama mtu wa pembeni. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Karo na mambo ya nyumbani viligongana, na ofisi moja iliyopaswa kunijibu barua haikunijibu mpaka muhula ukaisha. Kijijini jambo hilo lilipata jina kwa siku moja: alikosa nidhamu. Ni neno la ajabu. Linafunga mlango kabla hujaulizwa kilichotokea. Anayelitamka hahitaji kujua bei ya chumba, wala mkopo wa HELB uliochelewa, wala kitu chochote. Na tangu niache nimeandika kila siku, bila mhadhiri, bila CAT, bila mtu wa kuniuliza. Simdai mtu pongezi. Nasema tu kwamba kama nidhamu ni mpangilio wa shanga, basi imekuwa ikiendelea mahali ambapo hotuba inasema haipo.

Kwa sababu hiyo siwezi kumalizia kwa kusema michezo chuoni haina maana. Wako wanaosema hivyo, makomredi wanaoona uwanja kama sehemu ya kupitia kwenda hosteli. Wamekosea, na wamekosea kwa njia ambayo hotuba ndiyo imewasukuma. Ukimwambia mtu kila mwaka kwamba riadha ni kifaa cha kumfanya awe mtulivu, usishangae akiikataa pamoja na wewe.

Thamani yake halisi iko mahali pengine, na ni ya kawaida sana. Kwanza, saa. Maisha ya chuo yanakupa muda mwingi usio na umbo, hasa ukitoka shule ya bweni ambako kengele ilikuamulia hata kuoga. Wengi huanguka pale pale, si kwa ubaya, ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaachia saa zao. Mazoezi ya saa kumi na moja yanakupa msumari mmoja wa kutundikia siku. Ukishalala mapema kwa sababu ya mazoezi, mengine yanajipanga: kamari ya simu inapungua, chupa ya Alhamisi inapata mpinzani, na unaweza kuwaambia wenzako "kesho nina mbio" bila kuonekana mlokole.

Pili, ukweli. Chuoni karibu kila kitu unachopata kinapitia sahihi ya mtu: alama, barua, mkopo, kitanda. Saa ya kukimbia haina sahihi. Ukimaliza mita 1,500 kwa dakika nne na sekunde ishirini, ni hiyo. Humjui mtu, hujatoa kitu kidogo, hujaandikiwa. Kwa kijana anayekua nchini mwetu, hiyo ni elimu adimu. Ndiyo maana dawa za kusisimua misuli zinauma sana kuliko wizi mwingine: zinaingiza rushwa kwenye chumba pekee kilichokuwa safi.

Tatu, kushindwa hadharani. Ondieki, aliyekuwa bingwa wa dunia, alimaliza wa tano Barcelona 1992. Mwaka uliofuata ndio alikimbia 26:58. Hotuba inaruka ule mwaka wa 1992 kwa sababu hauna medali. Mimi nadhani ndio mwaka wenye somo. Alitoka Tokyo akiwa juu ya dunia, akapigwa na wanne mbele ya macho ya wote, akarudi kwenye mazoezi. Mwanachuo aliyefeli yuniti mbili angefaidika zaidi na Ondieki wa Barcelona kuliko Ondieki wa Oslo.

Lakini haya yote yana gharama, na ndiyo sehemu ambayo wageni wa heshima huiacha ikipita kama mvua ya saa tisa ya Kisii. Nidhamu inahitaji chakula. Mtu hakimbii kilomita kumi alfajiri kwa chai ya rangi na mandazi moja. Inahitaji uwanja usiogeuka tope na usiokodishwa kwa krusedi na mikutano ya siasa. Inahitaji ratiba ya masomo inayojua kwamba kuna watu wana mashindano, na mhadhiri asiyemwekea sifuri mtu aliyekuwa akikimbilia chuo hichohicho. LeRoy Walker hakuwapa Ouko na Sang methali. Aliwapa nafasi ya masomo, ya mazoezi, na mahali pa kuishi katika mji ambako mtu mweusi alijua vizuri sana tofauti ya nidhamu na utii.

Kuna jambo moja ambalo wapenda hotuba watanijibu, na ni haki yao. Watasema: wewe unatenganisha nidhamu na utii kwa urahisi wa kalamu, lakini mtoto wa miaka kumi na minane hajui kujipanga kabla hajapangwa. Lazima atii kwanza, ndipo nidhamu ije. Nakubali nusu. Mkimbiaji mchanga anamsikiliza kocha, na kocha mzuri anaokoa magoti ya watu. Ila kocha mzuri ana dalili moja: kadiri miaka inavyopita anahitajika kidogo zaidi. Anakufundisha kusoma mwili wako, halafu anasogea. Utii ambao haupungui kadiri mtu anavyokua si mafunzo tena. Mkuu wa jela wa Sillitoe hakuwa na mpango wa kusogea. Alitaka kombe la kuweka kabatini.

Kwa hivyo nina ombi kwa wale wanachuo wa ualimu ambao miaka michache ijayo watapewa kipaza sauti, pale Kenyenya au popote watakapoajiriwa. Ukitaka kumtaja Temu, sema alifariki mwaka wa 2003 akiwa na miaka 57 tu, na uulize nchi ilimfanyia nini katikati. Ukitaka kutaja dhahabu ya Munich, sema kwa nini Marekani haikuwa uwanjani. Ukimtaja Ondieki, anza na ile nafasi ya tano. Kuna mtoto nyuma pale, kwenye safu ya mwisho, ambaye tayari anaamka saa kumi na moja na hajamwambia mtu. Hahitaji onyo lako la majani chai. Hotuba yako isizidi dakika tano, maana jua ni kali, na ukimaliza, mtafute aliye na ufunguo wa stoo ya michezo umwambie aiache wazi jioni.